Kulabu ya Mzee Chathunni

Ieleweke tangu mstari huu wa kwanza kwamba haya ni maandishi ya kitaalamu. Yanahusu namna ya kuzitambua na kuzikadiria kulabu za kale za ndovu, yaani zile fimbo zenye mkuki na ndoana ya chuma ambazo mchunga ndovu humwongozea mnyama wake. Msomaji atajifunza kutofautisha kutu ya miaka mia na kutu ya wiki iliyopita. Hatakutana na machozi, wala watu wanaoitana roho yangu kwenye simu. Anayetaka upuuzi huo akautafute kwingine.

Basi, Jumamosi moja saa tatu asubuhi, katika soko la maua la mji wa Thrissur, kusini mwa India, kulabu ya kale ya ndovu ilinasa mtandio wa msichana mzuri, na upande wa pili wa kulabu hiyo alikuwapo kijana mwenye vishimo mashavuni. Utaalamu wetu umedumu aya moja. Tuendelee.

Msichana aliitwa Ambili, binti wa Velappan mwenye duka la vitu vya kale. Siku hiyo alivaa gauni refu la pamba, rangi ya ndizi mbivu, na mtandio wa kijani, na alikuwa akigombana na muuza asumini. Mjini kwetu shada la asumini huuzwa kwa mkono, muuzaji akipima kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia kiwiko hadi kidole.

"Mkono wako unafupika kila mwaka," Ambili alimwambia.

"Nazeeka, mwanangu. Nasinyaa."

"Bei haisinyai."

Njia ilikuwa imefungana. Ndovu aitwaye Neelambaran alisimama katikati ya barabara. Mchunga wake alikuwa amemwegemezea fimbo mguuni akaenda zake kunywa chai, na ndovu wa kwetu akiegemezewa fimbo hasogei mpaka mwenyewe arudi. Madereva wa bajaji walipiga honi. Neelambaran aliwatazama kwa huruma. Watu wakabanana kupita pembeni, na katika kubanana huko ndipo mtandio uliponaswa.

"Samahani dada, usivute! Utachanika."

Ambili hakuvuta. Alikuwa ameishika ile kulabu kwa mikono miwili, ameileta puani, anainusa.

"Dada?"

"Nyamaza kidogo."

"Hiyo ni fimbo yangu."

"Nimesema nyamaza."

Akafungua mkoba akatoa kioo chake cha kukuzia. Ni lazima nikitaje kioo hicho. Kilikuwa na fremu ya fedha, aliachiwa na bibi yake, na alikipenda kuliko alivyowapenda ndugu zake, jambo ambalo ndugu zake walilijua na lilikuwa likiwauma. Leo kimevunjika. Alikivunja paka. Tutafika huko.

"Hii haikumiminwa kwenye kalibu," alisema, jicho moja amelifumba. "Imefuliwa. Ona, ndoana na mkuki vimetoka kwenye chuma kimoja, kimekunjwa na kupigwa nyundo. Mhunzi wa siku hizi angechomelea kwa umeme, ungeuona mshono. Sasa gusa hii kutu."

Kijana akagusa.

"Kidole kimechafuka?"

"Hapana."

"Kutu ya uongo hukupaka kidole rangi ya chungwa. Watu wanazika chuma kwenye samadi na chumvi msimu mmoja wa mvua, halafu wanatuletea dukani wakiapa ni cha babu. Hii imetulia kama ngozi. Na ona pete za shaba hapa shingoni, zinacheza. Mbao imesinyaa ndani yake, kama mkono wa yule muuza maua. Ya nani?"

"Ya babu."

"Kila mtu husema hivyo."

"Wa kwangu alikuwa na jina. Chathunni. Miaka arobaini na ndovu mmoja."

Hapo ndipo Ambili alipomtazama mwenye fimbo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi linakaribia kuvunjika, shuka ya kiunoni ameikunja magotini kama watu wote wenye haraka. Vishimo vilijitokeza mashavuni bila kuombwa.

"Sasa unaweza kunirudishia?" aliuliza.

"Ningependa kubaki nayo kidogo."

"Na mimi je?"

"Wewe sikukuhitaji," alisema Ambili, na masikio yake yakawa mekundu. Hilo naliandika kwa sababu ni la kitaalamu.

Kijana huyo, Gireesh, alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Baba yake alikataa kazi ya ndovu ya mkwewe, yeye mwenyewe hakuwahi kumgusa hata mmoja. Kulabu ya babu ilikuwa imelala darini tangu mzee afariki. Asubuhi ile alikuwa ameishusha kwa sababu moja. Mji ulikuwa unafungua Ukumbi wa Ndovu kabla ya sikukuu yake kubwa ya mwaka, na kamati ilitangaza kwamba ukutani, katikati, itatundikwa kulabu moja tu, yenye jina la mchunga mmoja. Gireesh alitaka jina hilo liwe Chathunni. Mama yake alilitaka zaidi. Mzee alikuwa baba yake mzazi, na katika maisha yake yote hakuna aliyeandika jina lake popote isipokuwa kwenye daftari la zamu.

"Kumbe unaipeleka kwenye kamati," alisema Ambili, akiufungua mtandio wake polepole mno. "Basi unaniletea mimi. Mimi ndiye mkadiriaji wao."

Wiki tatu zilizofuata, simu za mji mzima zilikosa fundi.

"Halo, hapa ni hospitali ya simu. Simu yako inaumwa nini?"

"Haiumwi, kaka."

"Mbona umenipigia?"

"Nilitaka kuhakikisha haiumwi."

Kwetu mwanamke humwita kaka mwanamume anayempenda. Anayeona ajabu, aone. Ambili alilitamka neno hilo kwa namna ambayo hakuwahi kuwaita kaka zake halisi. Alasiri walikutana kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya mji, wakala bajia za dengu zenye moto wakipulizia vidole. Ambili alimweleza kwa nini ncha ya mkuki wa kulabu iliyofanya kazi huwa butu na ile ya pambo huwa kali. Gireesh alimsikiliza kama mtu anayesikiliza muziki.

"Unajua, roho yangu, sijawahi kusikia mtu akiisifu kutu."

"Kutu haidanganyi."

"Mimi je?"

"Wewe sijakuweka chini ya kioo."

"Niweke."

Akamtazama kupitia kile kioo, jicho moja kubwa kama la ndovu, na wote wawili wakacheka mpaka muuza bajia akawaomba wasogee, wanazuia wateja.

Halafu ikafika siku ya kukadiria. Kulabu ilikuwa juu ya meza dukani, na Ambili aliipitia kwa siku mbili. Chuma kilikuwa kizuri hadi alikipigia makofi peke yake. Ndipo akaugeuza mpini, mpini mweusi wa mti wa mvumo, na chini kidogo ya pete ya shaba akaona alichotamani asingekiona. Upande mmoja tu, kwa urefu wa kiganja na nusu, mbao ilikuwa imelika na kuwa laini kabisa, inang'aa kama kokwa la tende. Pande nyingine zilikuwa na mikwaruzo yake ya kawaida.

Akampigia simu.

"Kaka, kuna mtu aliyewahi kuupiga msasa mpini?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri."

"Roho yangu, ilikuwa darini imefungwa kwenye gunia. Hakuna aliyeigusa. Kwani nini?"

Katika kazi yake yote, ulaini wa upande mmoja karibu na shingo ulikuwa na maana moja. Pale ndipo wenye kulabu huchonga alama zao, na pale ndipo anayeichukua kulabu ya mwenzake huanza kukwangua. Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine mjini ambaye angeona. Alikaa na kalamu mkononi tangu chai ya asubuhi hadi wali wa mchana, na baba yake akala samaki wake wote bila yeye kutambua. Kisha akaandika: *Chuma ni cha kale na ni cha kweli. Lakini alama ya mwenyewe imefutwa. Haiwezi kuthibitishwa kuwa ilikuwa ya Chathunni.*

Alitegemea kumweleza Gireesh kwanza, taratibu. Lakini Mwalimu Achuthan, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mtu wa kusoma kila kitu kwa sauti. Alisoma ripoti nzima mbele ya ukumbi uliojaa, na mstari wa tatu alikaa mama yake Gireesh, na sari yake nyeupe yenye upindo wa dhahabu, ambayo huvaliwa siku za furaha tu.

Gireesh alimkuta Ambili ngazini.

"Ungeniambia."

"Nilikuuliza, kaka. Ukasema hakuna."

"Na hakuna! Kwa hiyo mimi ni mwongo au babu ni mwizi? Chagua."

"Niliandika kile ambacho mpini uliniambia."

"Mpini! Mama yangu yuko ndani anajifunika uso, nawe unanitajia mpini!"

"Ulitaka niwadanganye?"

"Nilitaka unijue." Akaiweka fimbo yake begani. "Basi olewa na mpini."

Siku kumi zikapita. Ambili alipiga simu, haikupokelewa. Fundi wa simu asiyepokea simu ni tangazo baya sana la biashara, lakini Gireesh hakujali. Ambili naye aliacha kuvaa asumini. Alikadiria bakuli la shaba la juzi akalipatia umri wa miaka mia mbili, na Velappan alilazimika kumkimbilia mteja barabarani.

"Mwanangu," alisema baba yake, akihema, "au kosa liko kwenye jicho, au liko moyoni. Likiwa moyoni, kapumzike. Likiwa kwenye jicho, tumefilisika."

Ambili akatoka kwenda kupumzika, na kwenye njia ile ile ya soko la maua akakuta msongamano ule ule. Neelambaran alikuwa amesimama barabarani, fimbo mguuni, shingo yake ikigusa ubavu. Mchunga wake alikuwa kwenye benchi la chai. Honi zilikuwa zikilia.

Ambili alikuwa ameiona picha hiyo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na ndiyo sababu hakuwahi kuitazama. Sasa, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, aliitazama. Ndovu alivuta pumzi. Ubavu ukapanda, na fimbo ikapanda nao kwa upana wa unyasi. Akashusha pumzi, ikashuka. Ikapanda. Ikashuka. Ngozi ile iliyokauka kama gome ilikuwa ikiisugua mbao, polepole, kama seremala asiye na haraka duniani.

Alimwendea mchunga huku akikanyaga maua ya watu.

"Ndugu, niazime fimbo yako."

"Siwezi, dada. Nikiiondoa pale, huyu atanifuata mpaka kwenye benchi."

"Basi nitaitazama hapo hapo."

Akasimama chini ya tumbo la ndovu, katikati ya mji, na kioo chake chenye fremu ya fedha. Chini kidogo ya pete, upande mmoja tu, kwa urefu wa vidole vinne, mbao ilikuwa laini, inang'aa kama kokwa la tende.

"Nani aliipiga msasa?" aliuliza.

Mchunga alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Huyo hapo! Tani nne na nusu za msasa. Miaka kumi na saba anapumua tu."

Vidole vinne, miaka kumi na saba. Kiganja na nusu, je? Kukosa kote duniani angekosa, hesabu hiyo hakuikosa. Miaka arobaini, ndovu mmoja, upande mmoja. Hakuna mghushi mwenye akili ya kuliwaza hilo, na hata angeliwaza, hana ndovu wa kumngojea miaka arobaini. Alama haikufutwa. Ile ndiyo ilikuwa alama.

Wapo watu ambao wangeandika barua ndogo ya masahihisho na kuipitisha chini ya mlango. Ambili alimwomba Mwalimu Achuthan aite mkutano ule ule, watu wale wale, na safari hii akasoma mwenyewe, amesimama, bila kiti cha kushikilia.

"Mkadiriaji alikosea," alisoma. "Aliutazama mpini bila kumtazama ndovu."

Wauza vitu vya kale wa mji mzima walikuwapo na walicheka. Mmoja aliuliza kwa sauti kama kile kioo kinauzwa sasa. Ambili aliendelea kusoma mpaka nukta ya mwisho, kuhusu pumzi, kuhusu vidole vinne, kuhusu mzee aliyekuwa akiegemeza fimbo yake mahali pale pale miaka yote na kurudi kila mara. Hakuna aliyecheka mwishoni. Mama yake Gireesh aliinuka mstari wa tatu, akasimama tu. Gireesh hakuwapo.

Siku ya pili yake, saa nane mchana, aliingia dukani. Ambili alikuwa kwenye kigoda chake katikati ya masufuria makubwa ya shaba, kioo mkononi.

"Bwana Gireesh," alisema.

"Nimeshakuwa Bwana?"

"Mpaka utakaponisamehe."

Gireesh akamsogelea. Alikuwa amenyoa vizuri, shuka yake ni mpya, na mkononi alikuwa na kulabu ya babu yake. Akaisogeza, akaiegemeza taratibu begani kwa Ambili, ule upande laini ukimgusa.

"Nini hii?"

"Usisogee mpaka nirudi."

"Unakwenda wapi?"

"Ndovu haulizi."

"Mimi si ndovu!"

"Sikusema kwa umbo." Vishimo vikatokea kidogo, vikajificha. "Ukisogea, nitajua hilo ndilo jibu lako. Ikianguka, vilevile."

Akatoka. Ambili akabaki na kulabu begani, mwili wote umeganda. Baada ya nusu saa Velappan alitaka kupita.

"Sogea, mwanangu."

"Siwezi, baba."

"Umekuwa ndovu?"

"Nadhani naposwa."

Velappan aliitazama fimbo, akamtazama binti yake, akaitazama tena fimbo kwa jicho la kibiashara. Kisha akaenda nyuma kunyoa ndevu na kutafuta shati lenye vifungo vyote.

Simu ililia mezani, hakuifikia. Mteja aliuliza bei ya taa. Alimjibu kwa kope. Nzi alimtua puani, akatembea, akaridhika, akaondoka. Nje mji ulikuwa umejaa, watu wakifanya mazoezi ya ngoma na miavuli ya hariri ya sikukuu, na njia zote zimefungwa. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu. Lakini hakusogea, wala kulabu haikuanguka.

Saa kumi na dakika ishirini Gireesh aliingia akihema, jasho limeharibu pasi yote, na nyuma yake mama yake, na sari ya upindo wa dhahabu, na sinia la ndizi na peremende.

"Barabara!" alisema. "Tumetembea kwa miguu kutoka— Haikuanguka?"

"Haikuanguka."

"Hukusogea?"

"Mguu umekufa ganzi, kaka. Nilidhani umepotea."

"Babu alirudi kila mara. Imeandikwa kwenye ripoti yako." Akainyanyua kulabu begani kwake. "Sasa unaweza kusogea."

"Nisogee upande gani?"

"Wangu."

Mama yake akamsogelea Ambili kwanza, akamshika kidevu, akamwambia, "Mwanangu, umemrudisha baba yangu nyumbani." Velappan akatokea na povu kwenye shavu moja. Kulabu imetundikwa leo katikati ya ukuta wa Ukumbi wa Ndovu, upande laini ukitazama watu, na chini yake jina, Chathunni.

Hapa ndipo maandishi ya kitaalamu yalipokuwa yaishie, kama Ambili asingeingia chumbani sasa hivi na kuyasoma kutoka nyuma ya bega langu.

"Paka gani?" ameuliza.

Naungama. Hakuna paka. Mimi ni mdogo wake, nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni, na saa kumi kasoro robo nilikuwa nyuma ya sufuria kubwa kuliko yote, na unyoya wa tausi mkononi. Nilimtekenya sikio. Nilitaka kujaribu, kwa ajili ya elimu. Aliruka, na kulabu ikateleza begani.

Kioo kilikuwa mkononi mwake, kile cha bibi. Alikiachia. Aliidaka kulabu shubiri moja kutoka sakafuni, na kioo kikavunjika kando yake, na hakukitazama. Aliutazama mpini kama umekwaruzwa. Akauegemeza tena begani, upande ule ule, na bila kugeuza kichwa, maana haruhusiwi kusogea, akasema, "Toka nyuma ya sufuria. Nitakuua saa kumi na moja."

Hakuniua. Alikuwa na wageni. Lakini pale, mbele ya vipande vile, mimi ndiye niliyejua jibu lake kabla ya Gireesh, na nimeona haya kuliandika kwa sababu nilikuwa nalia nyuma ya sufuria, na hilo si la kitaalamu.

Shemeji yangu bado anaamini habari ya paka. Amewahi hata kumfukuza paka wa jirani kwa kiatu. Nimeamriwa nimwambie mwenyewe, leo, kabla ya chai. Ambili amekwenda kumwita. Ameniegemezea fimbo nyingine begani na kusema nisisogee mpaka arudi, na aya hizi za mwisho nimeziandika kwa mkono mmoja.